Maji ya Msiba wa Meneja

Mwadila, ndugu zangu. Mmenipa nafasi nisimame, basi nivumilieni, maana niliyonayo moyoni si mazuri yote.

Ile hoteli ya zamani pale mtoni mnaijua. Nilipika humo tangu paa linavuja na popo wanalala vyumbani. Ikaja kukarabatiwa, baraza la mawe likarudishwa, milango ya mninga ikasuguliwa mpaka ikang'aa, na meneja mpya akaletwa. Jina lake silitaji. Msiangaliane hivyo.

Wiki ya ufunguzi mume wangu akafariki. Nikaenda kumzika kwao Sapiwi. Niliporudi nikakuta mwingine amevaa aproni yangu. Meneja akaniambia, "Mama, msiba ni wako. Hoteli haihusiki."

Ndugu zangu, nawaambia, maneno yale yalinilaza kitandani. Sikuoga, sikulima, pamba yangu ikamezwa na majani. Akina mama wa mtaani wakaja na majembe bila kuitwa, wakapalilia. Mmoja akasonga ugali akanilisha kama mtoto. "Mayu, mama yangu, amka," alisema. "Utakufa, halafu yule acheke." Hilo ndilo lililoniamsha. Si maombi, nisiwadanganye. Ni hasira.

Nikaanza kupika kwenye misiba, mpaka wakanifanya kiongozi wa wapishi. Yule meneja sikumwona kwenye msiba hata mmoja. Namtafuta kwa macho, nikimkosa nafurahi. Utaratibu wetu mnaujua: asiyefika kwa wenzake, siku yake ikija tunakaa majumbani.

Basi mama yake, aliyekuwa akiishi naye hapa, akafariki. Hakuna aliyekwenda. Hakuna kuni, hakuna maji, hakuna wa kuchimba kaburi. Mchana akaja kwangu amevaa koti lake la kazi.

"Mama, nisaidie."

Siku hiyo nilikuwa nimeisubiri! Nikawaita akina mama wote, nikamwambia, "Rudia uliyoniambia." Nikavuta kigoda nikakaa. Mwishowe akayasema.

"Haya," nikamwambia. "Chukua ndoo."

Mto ulikuwa umekauka. Nikamsimamia afukue mchanga kwa mikono, wageni wa hoteli yake wakimtazama kutoka barazani, angoje maji yajikusanye, achote kwa kikombe, ajitwishe. Nikampitisha njia ndefu. Kila tone lililolowesha lile koti nililifurahia. Ndipo tukapika, wanaume wakachimba, na mama yake tukamzika kwa heshima. Marehemu hakunikosea kitu.

Wabeja, asanteni, akina mama mlionipalilia. Bila ninyi ningekuwa udongoni. Ninalowaachia ni hili: mtu akikulaza kitandani kwa maneno, kubali jirani akulishe upate nguvu. Na maiti msimwache, hata awe wa nani. Ila mwenye msiba, kama alikutukana, na achote maji.

Mchungaji huniuliza kama nimesamehe. Juzi kwenye msiba wa jirani yule bwana alifika kabla ya wote, akainama mbele yangu. "Shikamoo, mama."

Nikamwonyesha ndoo tupu, kisha nikaitikia.