Mwalimu Leonidasi Nyandwi na Imla ya Darasa la Nne

Ndugu waombolezaji, mimi ni Pancras, mdogo wake marehemu, na kwa niaba ya familia nitayasema maisha yake yote, pamoja na yale ya kuchekesha, maana nikiyaficha wanafunzi wake waliojaa hapa watanizomea.

Mwalimu Leonidasi Nyandwi alizaliwa tarehe 6 Machi 1931 Kirushya, wilayani Ngara, akasoma huko hadi darasa la nane, akahitimu ualimu mwaka 1954, akafunga ndoa na Melania tarehe 18 Julai 1959, wakajaliwa watoto sita, na mwaka 1970 akaletwa Biharamulo mjini kuwa mwalimu mkuu wa shule ya mtaa wetu.

Shule hiyo ilishika mkia wilaya nzima katika mtihani wa darasa la nne mwaka 1976, ikashika tena 1977, tukachekwa hadi sokoni, na afisa elimu akamwambia marehemu waziwazi kwamba mara ya tatu atavuliwa ukuu, naye kazi hiyo aliipenda kuliko chakula, akakonda.

Chanzo kiligunduliwa Februari 1978 na Sharifa Makame, binti wa miaka kumi na tisa, mwalimu mpya. Marehemu, kama mimi niliyenyonya naye ziwa moja, alichanganya l na r, kupiga kura akiita kupiga kula, na watoto walikwisha kuzoea kugeuza kila anachotamka, wakapata imla zake zote, lakini mkaguzi alipowasomea imla ya mtihani kwa matamshi safi wakageuza vilevile, wakaandika kwamba Selikari imereta mborea.

Kaka yangu alinuna siku mbili, mtu mwenye kiburi yule, siku ya tatu akamwachia binti Kiswahili chote, akaenda kukaa dawati la nyuma na daftari lake, akisimama na watoto kumwamkia shikamoo mwalimu, naye Sharifa akiona haya kuitikia marahaba. Novemba, magari yakiwa yamechukuliwa kwenda vitani, mkaguzi alikuja kwa baiskeli, akasoma imla, shule ikawa ya tatu wilayani, na marehemu, aliyeiandika pia, akapata kumi na moja kati ya ishirini, wa mwisho darasani. Hakuvuliwa ukuu. Sijapata kumwona mtu akifurahia kushika mkia namna ile.

Alistaafu mwaka 1983, akaugua figo, akafariki tarehe 9 Februari 1985 katika hospitali ya hapa mjini, akiacha mjane, watoto sita na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchota maji, na walimu wenzake mliomwosha na kumvika. Marehemu aliagiza historia hii isomwe na Mwalimu Sharifa, ili nisiiharibu, lakini tangu asubuhi analia, hawezi, ndiyo maana mmenivumilia. Neno la mwisho nitalisema kwa ulimi aliotuachia mama, na ninyi wanafunzi wake mnajua kuligeuza: kaka, rara sarama.