Mzee Mizani Hakugundua Nyotamkia

Tuanze kwa kusahihisha. Kwenye jalada la ratiba mlizoshika, chini ya picha ya marehemu, kuna maneno ya rangi ya dhahabu: "Mgunduzi wa Nyotamkia." Maneno hayo ni uongo. Yaliwekwa na kaka yake mkubwa, mkandarasi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuangalia juu isipokuwa kuhakikisha kwamba paa alilojenga bado lipo. Karatasi hii, iliyobanwa kwa pini katikati ya ratiba asubuhi ya leo, imeandikwa na binti wa kwanza wa marehemu, naye ndiye anayeisoma. Wenye kalamu wazitoe.

Marehemu, ambaye soko zima lilimwita Mizani, alizaliwa Jumanne tarehe 3 Juni 1952, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji, akiwa wa tano kati ya watoto sita. Baba yake ndiye aliyekuwa fundi cherehani. Mtoto alikulia chini ya meza ya kukatia nguo, akichezea futi, na inasemekana alianza kuwapima wateja miguu kabla hajaweza kutamka majina yao. Kaka mkubwa hupenda kusimulia kwamba ndiye aliyemlea. Ni kweli. Alikuwa akimkalisha juu ya gunia la vitambaa, kisha anakwenda kucheza mpira.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Akiwa darasa la tano alichukua futi ya baba yake, akaipima rula ya mita ya mwalimu wa hesabu, akatangaza mbele ya darasa zima kwamba imepungua upana wa kidole, kwa sababu ncha yake ilikuwa imelika kwa kuchapia watoto. Alichapwa kwa rula hiyohiyo. Muhula uliofuata ikaletwa rula mpya, na hakuna aliyemwomba radhi. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1970, na mwaka 1973 akapata cheti cha ufundi wa vipimo.

Tarehe 1 Februari 1975 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na saba, katika ofisi yenye dirisha moja na rafu ya mawe ya shaba ya kupimia, kila jiwe na kishimo chake ndani ya sanduku la mbao. Mizani iliyopunja aliifunga lebo nyekundu bila kupepesa macho, iwe ya muuza viazi au ya bohari ya mkubwa fulani. Wenzake walikuwa na macho yanayoona vizuri zaidi baada ya kupewa chai. Baadhi yao wamefika leo na shada la maua kubwa kuliko yote. Karibuni. Mlimnyima cheo mara nne, na sasa mnafuta machozi kwa leso zilizopigwa pasi.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1979 na karani wa posta. Alikuwa amekwenda kukagua mizani ya vifurushi, akaifunga lebo nyekundu, na karani akamfokea mbele ya foleni nzima. Alirudi kuikagua mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mjane anasema mara mbili za mwisho mizani ilikuwa sawasawa, na kwamba ni yeye aliyelazimika kumuuliza anatafuta nini hasa.

Mwaka 1997, nyotamkia kubwa ilipoonekana kwa macho jioni nyingi mfululizo, marehemu aliazima kamera akaipiga picha. Likatoka doa, kama maziwa yaliyomwagika. Mtu mwingine angecheka akaendelea na maisha. Yeye alijiona amedharauliwa. Kufikia mwaka 2001 alikuwa na darubini juu ya dari ya zege, kando ya tangi la maji, na wenzake kumi na mmoja katika miji mbalimbali wenye ugonjwa uleule, wakiandikiana barua na baadaye wakitumiana picha kwa simu. Familia iliwaita wehu. Kaka mkubwa aliwaita "wavuna giza", tena wakati wa kula, mbele ya watoto, na watoto walicheka. Anayesoma alicheka kuliko wote.

Wehu hao walikuwa na sheria moja: hakuna anayeamini jicho lake peke yake. Ukiona doa jipya angani unaandika, "Naomba jicho la pili," na mwenzako wa mji mwingine, mwenye mbingu safi, anapiga picha sehemu hiyohiyo jioni inayofuata. Asipoona kitu, huna kitu. Kwa hiyo walihitajiana, wapende wasipende, na marehemu mara nyingi hakupenda. Kila picha aliyotumiwa aliijibu kwa neno moja, "Kasoro," likifuatwa na kurasa mbili za maelezo. Kamera ya mwalimu mmoja mstaafu ilipoharibika, alisafiri saa tano kwenda kuitengeneza, akamgombeza muda wote aliokuwa akiitengeneza, akarudi. Hakuchukua hata nauli.

Aliyeambulia zaidi ni kinyozi aliyejiunga mwaka 2009. Picha zake zilitikisika, zilififia, na moja ilikuwa na kidole. Marehemu alizikataa picha mia mbili na kumi na moja za mtu huyo. Kinyozi alizisoma kurasa zote za maelezo, akapiga nyingine.

Moyo wa marehemu ulianza kuchoka mwaka 2019. Alhamisi tarehe 9 Machi 2023, miguu ikiwa imevimba, alipanda ngazi kumi na saba hadi darini, akipumzika kila baada ya tatu, akapiga picha thelathini za upande wa magharibi mara tu jua lilipozama. Katika zote kulikuwa na doa hafifu la kijani, ambalo halikuwa kwenye orodha yoyote ya nyotamkia zinazojulikana. Akaandika, "Naomba jicho la pili." Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kuwaomba wenzake kitu chochote. Kesho yake alilazwa, wodi ya nne, kitanda cha dirishani, na kila aliyeingia alimuuliza kama kuna jibu.

Miji yote ilikuwa na mawingu, isipokuwa mji wa kinyozi. Alipiga picha jioni tatu, hakuona kitu. Ndipo akazirudia zile thelathini za marehemu. Mtu anayeshinda kutwa kati ya vioo viwili vinavyotazamana anaijua taswira ya kioo anapoiona. Aliweka picha ya kwanza kando ya ile ya mwisho: Zuhura, ile sayari ing'aayo jioni, ilikuwa ikishuka upande mmoja wa picha, na doa lilikuwa likipanda upande wa pili. Haikuwa nyotamkia. Ulikuwa mwanga wa Zuhura, umegonga vioo ndani ya lenzi ukarudi. Ni kosa ambalo mwenzake angelifanya, marehemu angemwandikia kurasa nne.

Alhamisi tarehe 16 kinyozi alifunga duka lake, akapanda basi, akaja. Familia ilimzuia kwenye korido, karibu na meza ya wauguzi.

"Bwana, mgonjwa ana siku chache," kaka mkubwa alisema. "Mwambie ameipata, yaishe."

"Lakini hakuipata, mzee."

"Nani atajua? Mimi nimeshawaambia watu."

"Shemeji, mfurahishe tu," mjane alisema.

Binti wa kwanza, anayesoma, ndiye aliyesema la aibu kuliko yote. Alimwambia, "Wewe kazi yako nywele. Mambo ya kufa tuachie wenyewe."

Kinyozi hakupandisha sauti. "Dada, mzee amenikatalia picha mia mbili na kumi na moja," alijibu. "Hakunionea haya hata siku moja. Leo nimvike kilemba cha ukoka? Mimi siwezi."

Akaingia. Familia ikamfuata shingo upande, ikajipanga miguuni pa kitanda. Kinyozi aliweka picha mbili juu ya shuka. Marehemu aliomba miwani. Aliziangalia muda mrefu, mpaka kaka mkubwa akaanza kuchezea funguo za gari.

"Kasoro," marehemu alisema. Alikuwa akiisema picha yake mwenyewe. Kisha akacheka, kikohozi kikamkamata, akanyweshwa maji. "Umeliona lini?"

"Jumanne, mzee."

"Leo Alhamisi."

"Nilikuwa narudia kupima."

"Hapo sawa. Na ya kwako iko wapi?"

Kinyozi alimpa picha aliyopiga yeye: anga ya jioni juu ya mapaa ya mabati, nyota zimesimama kama vitundu vya sindano, na pale palipotarajiwa nyotamkia hapana kitu. Marehemu aliipitishia kidole pembe zote nne. Binti yake alisubiri zile kurasa mbili.

"Hii sioni kosa," marehemu alisema. Kinyozi aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu.

Kisha marehemu akainua macho kwa jamaa zake. "Na nyinyi mlikuwa mnajua?"

Familia ikaangalia shuka.

"Mlijua," alisema, akatuangalia kama alivyokuwa akiiangalia mizani ya kupunja. Hakutupa hata neno moja la maelezo. Kasoro za wavuna giza aliziandikia kurasa mbili mbili kwa sababu aliamini zinarekebishika. Binti yake hajalala vizuri tangu siku hiyo.

Alifariki Jumapili tarehe 19 Machi 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kinyozi akiwa amemshika mkono wa kushoto na mjane wa kulia. Kufikia saa nane mchana kaka mkubwa alikuwa ameshafika kwa mchapishaji, akichagua rangi ya dhahabu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, na kaka mkubwa, ambaye kwa sasa anasoma jalada kwa makini sana. Ameacha pia wavuna giza kumi na wawili, waliosimama kule nyuma karibu na lango kwa sababu hakuna aliyewaandalia viti. Mmoja wao ni kinyozi, ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya wafiwa iliyochapwa. Liandikeni. Picha yake iko nyuma ya karatasi hii. Haina nyotamkia, na marehemu hakuikataa.

Sasa kateni yale maneno ya jalada, mstari mmoja, ulionyooka.

Apumzike kwa amani, kwa uzito wake mwenyewe, bila mtu kuweka kidole kwenye mizani.