Shangazi Lifti na Msimamizi Aliyemchagua

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Shangazi Lifti hata kama hamkuwa watoto wa kaka zake, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, wa tatu kati ya watoto wanne na wa kike peke yake. Kaka yake mkubwa, ambaye ni baba yangu mzazi, husema alilia kidogo tu siku ile, kisha akanyamaza na kuanza kutazama watu mmoja mmoja. "Alikuwa anatukagua," husema Baba.

Baada ya shule ya msingi na sekondari alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu fani ya umeme mwaka 1972. Siku ya kwanza mwalimu alimwambia darasa la ushonaji liko jengo la pili. Akajibu, "Nimeliona, mwalimu. Nimelipita nikija huku." Akavuta kiti, akakaa.

Alitengeneza lifti mpaka alipostaafu mwaka 2006. Watu wakikwama, hakuanza na spana, alianza na mdomo. Aliegemeza shavu mlangoni na kupiga soga mpaka waliomo ndani wasahau hofu. Wakati mmoja alikwama mwanasheria, akawa anafoka kwamba ataishtaki kampuni nzima. Shangazi akamuuliza kwa upole ana kesi za aina gani. "Za mirathi!" "Ala! Basi nieleze, mtu asiye na mume wala mtoto akifa, inakuwaje?" Mwanasheria akaeleza, akanogewa, na mlango ulipofunguka alikuwa bado hajamaliza.

Hakuolewa. Alichumbiwa mara mbili, na tukimuuliza alisema, "Wa kwanza alitaka niache kazi. Wa pili alitaka aache yeye." Aliishi ghorofa ya tatu na rafiki yake mshonaji, tunayemwita Dada wa Cherehani. Walianza kama wapangaji wawili wa kugawana kodi. Marehemu aliponunua nyumba ile, rafiki hakuhama, na hakuna aliyewahi kuwaza kwamba angehama.

Mwaka 2009 alifariki fundi mwenzake, kapera, bila kuacha wosia. Jirani aliyemuuguza alitolewa nje na ndugu wa fundi huyo kabla matanga hayajaisha, na vifaa vya kazi vya fundi vikauzwa kando ya barabara. Shangazi alirudi kutoka msibani, akaenda moja kwa moja kwa yule mwanasheria. Kisha akatuita sote sebuleni kwake, Jumapili mchana, akatuambia alichoandika. Dada wa Cherehani angekaa katika nyumba ile mpaka mwisho wa uhai wake, kisha nyumba iwe yetu sisi watoto wa kaka zake, wa kike na wa kiume sawasawa. Vifaa viende chuoni kwa wasichana wanaojifunza ufundi. Nami ndiye ambaye ningezungumza na madaktari endapo yeye angeshindwa kusema.

Baba alisimama. "Mdogo wangu, mtu asiye na mtoto, mali yake inarudi kwao. Unaandika kana kwamba huna ndugu!"

"Kaka, siandiki kwa kukosa watu. Naandika kwa sababu ninao. Huyu amenipikia uji nikiwa na homa. Sheria haimjui. Mimi namjua."

"Na nani atausimamia huo wosia wako?"

"Wewe."

"Mimi ninayekataa?"

"Wewe ndiye mbishi wa ukoo huu. Nikifa, nataka mbishi awe upande wangu."

Baba alikaa chini. Aliomba maji, akanywa bila kumtazama mtu, kisha akasema, "Haya."

Mwezi Februari mwaka huu kiharusi kilimnyang'anya sauti. Daktari alipouliza nani anasema kwa niaba yake, nilisimama, na nilijua cha kusema, kwa kuwa alikuwa ameniambia mwenyewe. Alitaka kulala kwake, karibu na dirisha, asiongezewe mateso pasipo na tumaini. Tulimrudisha nyumbani. Alifariki alfajiri ya tarehe 17 Aprili, mkono wake ukiwa katika mkono wa Dada wa Cherehani.

Adhuhuri yake walifika binamu zetu wa mbali na gari la mizigo, wakidai funguo za nyumba. Walimkuta Baba amekaa kwenye kiti katikati ya mlango, bila viatu.

"Karibuni," alisema. "Chai ipo. Funguo hazipo."

Mmoja akamnyooshea kidole Dada wa Cherehani. "Na huyu ni nani kwenu?"

"Huyu ndiye mwenye nyumba. Mimi ni mlinzi tu."

Gari liliondoka tupu. Nimeishi na Baba maisha yangu yote, na sikuwahi kumwona hivyo. Aliponiona namtazama alisema, "Dada yangu alinijua. Mimi nilikuwa sijijui."

Marehemu ameacha rafiki yake wa maisha, kaka wawili na mdogo wake wa kiume, watoto kumi na mmoja waliomwita Shangazi kwa haki, na wengine wengi waliomwita hivyo kwa mapenzi.

Apumzike kwa amani. Wala asiamke kutuhangaikia, maana yeye mwenyewe alishamwekea kila mmoja wetu mahali pake.