Fahali wa Bibi Yuko Kwenye Simu

Tangu jana Ogle hana raha. Binti mmoja wa chuo, Rahmo, alimkuta hapa kwenye benchi la chai la Darare, nyuma ya soko la mbuzi la Garissa, akamwuliza wazee wa zamani walisema dunia iliumbwaje. Naye Ogle kwa maneno hajambo! Akammwagia yote aliyosimuliwa na bibi yake: dunia imekaa juu ya pembe za fahali, na fahali anamkodolea macho ng'ombe jike aliyefungwa mbele yake. Jike akigeuka, fahali hutikisa kichwa, nchi ikatetemeka. Binti akarekodi kila neno. Ogle alipofika nyumbani ndipo alipokumbuka kwamba yeye ni mwadhini wa msikiti wa mtaa.

— Umekwisha, — akasema Mustafe, ambaye wanamwita Setilaiti kwa kuwa hakuna habari inayompita. — Yule ametumwa. Wanaanza na hadithi, wanamaliza kwa kutunyang'anya malisho.

— Fahali na malisho wapi na wapi?

— Waryaa, ukishasema ardhi ni ya fahali, wewe huna hati tena!

Kulow alikuwa askari wa lango miaka ishirini, na mpaka leo humshuku kila mpita njia.

— Mimi naona ni wa dini nyingine. Atawachezea watu sauti yako: sikieni, mwadhini wenu anaabudu ng'ombe.

— Astaghfirullahi! Nilisema bibi ndiye alisema!

— Simu haimjui bibi.

Darare, Mborana wa Wajir, alikuwa akimimina chai. Akacheka.

— Hata mimi alinirekodi. Kwetu wazee walisema Waqa, yaani Mungu, alitupa kitabu, ng'ombe akakimeza. Ndiyo maana walikuwa wanachinja, wanasoma matumbo.

Setilaiti akaruka.

— Mmeona? Makabila mawili, Wasomali na Waborana, ng'ombe pande zote! Hawa wanapeleleza mifugo yetu!

Ogle akaweka kikombe chini. Alikuwa anaogopa, tena waziwazi. Huo uadhini ndio heshima yote aliyobaki nayo.

Mara Rahmo huyo, daftari mkononi.

— Asalaam alaykum, adeer, — akamwamkia Ogle kama ami yake.

— Futa! — Hata salamu Ogle hakuijibu.

— Nitafuta ukitaka, adeer. Lakini nimeandika kwamba hadithi ni ya bibi yako. Limebaki jina lake tu. Aliitwa nani?

Ogle akafungua kinywa. Babu zake wa kiumeni anawataja kumi na sita bila kumeza mate. Bibi huyu alimlea, akamlisha kwa mkono wake, na yeye alimwita ayeeyo, yaani bibi, basi. Akamtazama Setilaiti. Setilaiti akamtazama Kulow. Kulow akainamia kikombe.

— Nifute, adeer?

— Ngoja kwanza.

Uchungu ulimshika. Akampigia dada yake mkubwa, Mulki, kule Ijara.

Akamwuliza ayeeyo aliitwa nani.

— Ayeeyo? Kwani alikuwa na jina lingine?