Folda ya Nane

Mwaka ule makambi ya Warundi yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, na kijiwe chetu pale Mwandiga kilikuwa ubao mmoja mrefu mbele ya ofisi ya Leonia, mpiga chapa. Mimi nilitengeneza baiskeli pembeni, kwa hiyo nilisikia yote, hata nisiyoyataka. Wenye kijiwe walikuwa wawili. Mzee Gervasi alistaafu posta akabaki kuongea kama anagonga barua, tukamwita Muhuri. Feliksi alikuwa kuli wa bandari ya Kigoma. Huyo tulimwita Winchi. Bonaventura aliuza kahawa na hakuwa na upande. Asubuhi hiyo Leonia alitoka na karatasi. Watu wa ng'ambo wanaotengeneza mfumo wa kompyuta wa bure walikuwa wamemwomba majina ya Kiswahili ya folda nane, zile ambazo kila mtu anazikuta tayari kwenye mashine. Majibu yaondoke kabla ya saa kumi.

— Soma, binti yangu, alisema Muhuri. Kiswahili kimefika penyewe.

— Ya kwanza, Desktop.

— Mezani, akadakia Winchi.

— Mezani watu watanawa mikono wasubiri ugali, akasema Muhuri. Andika Kaunta.

— Mzee, kaunta si kuna foleni?

— Ndiyo. Bila foleni hakuna serikali.

Leonia akaandika Eneokazi, hakumwuliza mtu.

— Downloads. Vile vitu unavyovishusha kutoka mtandaoni.

Winchi akasimama kabisa.

— Vinashushwa? Basi hapo mmekuja kwangu. Mzigo ukishushwa unawekwa gatini. Andika Gatini.

— Gatini vitu vinaibiwa. Andika Vifurushi.

— Mzee, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo inahusiana vipi?

— Mimi naongelea kuinama. Wewe ulishawahi kubeba gunia?

Leonia akaandika Vipakuliwa. Documents ikawa Nyaraka, ingawa Muhuri alitaka kujua nani atakuwa anazigonga. Templates ikawa Violezo. Muziki, Picha na Video zilipita bila vita, na Winchi akalalamika kwamba kazi nyepesi siku zote wanapewa wenye ofisi. Ikabaki moja. Leonia akasema hiyo ataifikiria, akaingia ndani kuyaweka yale saba kwenye mashine yake, aone yanavyokaa.

Tulikuwa kwenye kikombe cha pili alipokuja mama mmoja mwembamba, kitambaa kichwani, miguu yote vumbi.

— Amahoro. Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Karibu, Mwalimu.

Alikuwa Dafroza, mwalimu wa shule ya kambini. Jumatatu alikuwa amekaa na Leonia siku nzima wakiingiza kwenye mashine orodha ya wanafunzi wake arobaini na watatu, kila mmoja na alama zake za miaka mitano, ikabaki kuitoa kwenye karatasi. Malori ya kuwarudisha Burundi yalikuwa yanaondoka kesho yake alfajiri. Mtoto asiye na karatasi, huko anakokwenda anaanza darasa la kwanza upya, hata kama ana miaka kumi na minne. Kibali cha Mwalimu cha kutoka kambini kilikuwa cha siku hiyo tu, na gari la kumrudisha lilikuwa linapita saa sita.

— Imo humu, Mwalimu, dakika moja tu, alisema Leonia, akafungua Nyaraka.

Nyaraka ilikuwa tupu.

Akaifunga, akaifungua tena. Tupu. Tukajazana mlangoni.

— Ile orodha ya mkono unayo? aliuliza Leonia.

— Daftari nilimkabidhi mkuu wa shule. Yeye ameondoka na msafara wa wiki iliyopita.

— Hiyo ni virusi, akasema Winchi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Si virusi, akasema Muhuri. Umebadilisha anwani. Posta ukibadilisha anwani bila kujaza fomu, barua inarudi kwa mtumaji. Hiyo orodha saa hizi iko Ulaya.

— Ulaya inapitia wapi, mzee? Waya wenyewe haupo.

— Kwenye umeme. Kwani umeme unatoka wapi?

— Jenereta la Martini, pale nyuma.

— Basi muulizeni Martini!

Na Winchi kweli akatoka kwenda kumuuliza Martini.

Dafroza alikaa kwenye stuli, akaanza kuhesabu kwa vidole huku midomo ikicheza. Nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anataja majina.

— Majina nitayapata yote, alisema. Alama ndizo sitazipata. Na siwezi kutunga. Nikimzidishia mmoja, nimewadhulumu wengine.

Leonia alikuwa amejishika kichwa. Hapo ndipo alipokumbuka: alipoigeuza mashine iongee Kiswahili, ilimwuliza kitu kuhusu majina ya folda, naye akabonyeza ndiyo bila kusoma hadi mwisho. Akarudi nyuma, akafungua folda kuu, ile inayobeba nyingine zote. Nyaraka ilikuwemo, mpya. Chini yake kulikuwa na Documents, ya zamani, mahali pake palepale.

— Hukuifuta? nilimwuliza.

— Mashine yenyewe haikuifuta. Ilitengeneza mpya, ya zamani ikaiacha kwa sababu ilikuwa na vitu ndani.

Akaifungua. Arobaini na watatu wote walikuwemo. Dafroza akacheka, machozi yakamtoka, akajifuta kwa ncha ya kitambaa.

— Nilisema ni anwani, alisema Muhuri.

Karatasi zikaanza kutoka, moja moja. Dafroza alipokuwa anasubiri akaiona ile orodha ya majina ya folda, akaisoma kwa sauti kama mwalimu anayesahihisha, mpaka akafika kwenye mstari uliokuwa wazi.

— Hii ya nane, Public, ni ya nini?

— Ukiweka kitu humo, kila mtu anaweza kukiona na kukichukua, alisema Leonia.

— Andika Umma, akasema Muhuri. Hiyo haina ubishi. Umma ni wananchi wote.

Dafroza akafikiri.

— Hawa watoto wangu wamezaliwa hapahapa nchini, kambini Kasulu. Kesho wanapelekwa kwao, ambako hawajawahi kufika. Wao ni umma wa wapi?

Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Muhuri akainama kuzipanga karatasi zilizokwisha kutoka. Winchi alikuwa amerudi kutoka kwa Martini mikono mitupu, naye akajifanya anatafuta kikombe chake. Bonaventura akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

Gari likapiga honi barabarani. Dafroza akapokea karatasi zake, akazihesabu, akazifunga ndani ya khanga na kutuaga mmoja mmoja kwa mkono.

Saa tisa na nusu Leonia alituma majibu yake ng'ambo kwa simu yake. Majina yalikuwa saba.