Kiduchu Anaacha Makopo Matatu

Leo ni tarehe tisa Juni. Nimetimiza miaka mitatu na miezi minne tangu niondoke kwenye karakana yetu nije huku kwenye machimbo ya kokoto, ninakotengeneza malori kutwa nzima na vumbi kunijaa hadi kwenye meno. Karani wa ofisi amenipigia simu. Anataka niandike habari za fundi wetu wa breki kwa ajili ya jarida la wafanyakazi, kwa kuwa nilikaa naye benchi moja miaka kumi na mmoja. Shule niliishia njiani, lakini mtu huyu namjua. Anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi.

Tunamwita Kiduchu, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Kila ukishika kopo la grisi, sauti yake inakufikia kutoka chini ya gari la tatu: "Kiduchu tu! Unapaka breki, hupaki mkate siagi." Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Yeye alisema kwenye breki haba ibaki haba. Mkewe analalamika kwamba kwenye sukari ya chai neno hilo hulisahau kabisa.

Alianza kama mwosha magari, wakati karakana ilikuwa paa la bati na mashimo mawili. Akahamia kwenye matairi, kisha kwenye breki, akaganda hapo. Anajua gari kwa mkono. Ukimaliza kazi, huliendesha mwenyewe kuzunguka mtaa, akirudi husogeza kiganja kwenye kila gurudumu kama mama anayempima mtoto homa. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mwenzake, jeki inarudi chini ya gari, hata kama mwenye gari ameshalipia na ameshika funguo.

Kwenye rafu yake kuna makopo matatu. Mfuniko mwekundu ni grisi ya beringi, isiyopatana na mpira. Mfuniko mweupe ni ya pini, zile ambazo kalipa huteleza juu yake inapobana pedi kwenye diski, pamoja na vimpira vinavyozifunika. Mfuniko mweusi ni ile inayostahimili moto, ya mgongo wa pedi peke yake. Kwenye uso wa pedi na kwenye diski hakuendi kitu. "Hata jasho lako," husema.

Mwaka mmoja meneja alituletea ndoo kubwa ya grisi ya bei nafuu, akasema grisi ni grisi, tuitumie popote. Kiduchu hakubishana. Alichukua kimpira kipya, akakizamisha kwenye kikombe cha grisi ile siku ya Ijumaa. Jumatatu asubuhi kilikuwa kimevimba kama shavu la mwenye jino bovu, na pini yake haikukitambua tena. Akakiweka kikombe juu ya meza ya meneja, juu ya gazeti alilokuwa akisoma, akatoka. Saa nne kopo jipya la mfuniko mweupe lilikuwa kwenye rafu.

Tulicheka wiki nzima. Nami nilicheka, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Miaka miwili baadaye nilishika gari dogo la mkunga. Kopo jeupe lilikuwa limekwanguliwa hadi chini, stoo imefungwa, mtunza stoo amekwenda kula. Nikachovya kwenye jekundu. Nikapaka pini, nikafunga, na kiganja cha Kiduchu hakikuona kitu, kwa sababu siku ya kwanza kosa kama hilo halionekani.

Baada ya wiki sita mkunga aliingia getini, gurudumu la mbele likitoa moshi. Vimpira vilikuwa vimevimba, pini zimekwama, pedi imeng'ang'ania diski njia nzima. Gari lilikuwa limemgomea akiwa anakwenda kwa mzazi, na lilipopoa ndipo akaliendesha hadi kwetu. "Nimepanda kilima kwa miguu na begi kichwani," alifoka, "mtoto nusura anitangulie kufika!" Mtoto alizaliwa salama. Nashukuru mpaka leo.

Kiduchu alivua gurudumu, akachomoa pini, akasugua kimpira kati ya vidole, akanusa. Akanitazama mara moja. Kisha akamwendea meneja na kumwambia: "Kazi imetoka benchi langu, mimi ndiye niliyeipitisha." Akaandikiwa barua ya onyo. Mwaka ule ndio alikuwa awe msimamizi wa karakana. Alisubiri miaka minne mingine.

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na watoto wawili na kazi niliyoipata kwa shida. Hiyo ni sababu, si udhuru. Yeye hakunisema popote. Alinijia kesho yake tu, akaniomba kikombe changu cha chai, akatia ndani kile kimpira kilichovimba, akakirudisha mbele yangu. "Hiki ndicho kikombe chako sasa. Chai utaazima." Karakana nzima ilinitania kwa kuazima vikombe, pasipo mtu kujua kisa chake. Tangu siku hiyo sijakosea kopo, na huku machimboni malori hushuka mlima mkali na mzigo, yakasimama.

Karani ameniambia kwamba barua ile bado imo kwenye faili la Kiduchu, na kwamba ndiyo doa pekee katika miaka thelathini na minne. Doa ni langu. Naomba barua isomwe hivyo na wote wanaosoma jarida hili, na meneja aitoe kabla faili halijafungwa.

Mzee wangu, ahsante kwa mkono wako na kwa ulimi wako uliotulia. Wenzako wote tunakuombea mapumziko marefu, magoti yasiyouma na sukari kiasi unachotaka. Kikombe ninacho huku, na kimpira kimo. Nimepewa ruhusa ya siku tano. Nafika Jumamosi tarehe ishirini na nane, kwa gari la asubuhi, na Jumatatu, siku yako ya mwisho, kabla hujavua ovaroli, nitakiweka juu ya meza ya meneja.