Mwalimu Marzouq na Mke wa Norfolk

Assalamu alaykum, masheikh, wazee wangu shikamooni, na mama zetu mlioko nyuma ya mlango huo, mimi ni Yaarub, shemeji wa marehemu, familia imenitaka niwasomee maisha yake, na nimeapishwa nisichekeshe, basi atakayecheka ajue kacheka kwa hiari yake.

Marehemu Mwalimu Marzouq bin Khalfan alizaliwa Mkunazini, Unguja, tarehe 11 Machi 1948, akasoma hapo hapo mjini hadi mwaka 1963, enzi ambazo mtoto hajafika Pemba lakini keshakaririshwa jimbo la Norfolk, mashariki ya Uingereza, mito yake, shayiri yake, viazi vya sukari, bata mzinga, samaki wa Yarmouth, sufu iliyoutajirisha mji wa Norwich, na maziwa yaliyotokana na mashimo ya watu wa kale waliochimba udongo wa kuwashia moto.

Alifika Oman mwaka 1973, akaenda Nizwa kuomba ualimu, afisa mmoja akamuuliza kama anaijua Uingereza, naye akaimwaga Norfolk yote bila kuvuta pumzi, yule bwana akawageukia wenzake, "Huyu kaishi huko," na marehemu hakumsahihisha. Akasomesha jiografia Izki tokea 1974 hadi alipostaafu 2008, mji mzima ukimwita Mwalimu wa London, ingawa London yenyewe hakuitaja hata siku moja, kila siku Norfolk tu, na hilo ndilo lililomtia dada yangu shaka.

Maana tarehe 6 Mei 1976, kule Ibra, alimuoa dada yangu Shukriya, wakajaaliwa Badar, Thuraya na Ahlam, na tangu fungate dada akawa anauliza, mwanamme kijana akae ughaibuni, ajue mpaka upepo wa huko unatokea upande gani, bila ya mwanamke? Mvua ya Norwich ikitajwa kwenye televisheni, marehemu hunyamazisha nyumba nzima, dada akaninong'oneza, "Unamuona? Anahofu nguo zao hazijaanuliwa." Akimbana, marehemu huapa, "Wallahi, Shukriya, sina mke Norfolk," naye humjibu, "Basi niambie ulikaa nyumba gani," hapo Mwalimu hukohoa, akatoka kwenda kutazama maji ya falaji, mfereji wa mashamba.

Alianza kuugua figo mwaka 2021, akafariki hospitali Nizwa Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, na hata kitandani aliulizwa, akageukia ukutani, dada akaingia eda na donge lake, hajui eda hii anaikaa peke yake au yuko mwenziwe Norfolk anaikaa naye.

Jana baada ya alasiri akaja Mzee Ishak kutoka Sur, pamoja na wazee wawili, wote watatu walisoma darasa moja na marehemu Unguja, dada akaniita mlangoni, "Yaarub, kamuulize, na umtazame macho." Mzee Ishak akacheka, "Marzouq? Huyo kaskazini yake mwisho Maskati!" Nikapeleka jibu, dada akabenua mdomo, "Sahibu yake, ulitaka aseme nini?"

Ndipo Mzee Ishak akaanza kughani mito, na wale wawili wakadakia, sauti moja, Great Ouse, Nar, Wensum, wakanyamaza pale pale alipokuwa akinyamaza marehemu kila akiighani nyumbani, kwa sababu hapo ndipo bakora ya mwalimu wao ilipopiga meza, kisha Bure, Ant, Thurne, wakakwama, wazee wanatazamana, na nyuma ya mlango ikatoka sauti ya dada, "Yare. Waveney."

Ukumbi mzima wa sabla ukageukia mlango, tukamsikia, "Muongo mkubwa we, Marzouq, bora nikushuku mke kuliko nijue hukusafiri," na hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tokea Jumapili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Izki waliopika na kubeba jeneza, walimu wenzake na wanafunzi wake, na dada ameniagiza nitangaze, kwa sauti, hata wa nje wasikie, kwamba marehemu ameacha mjane mmoja.

Mola akupumzishe kwa amani, Mwalimu, safari hii hakuna anayeshuku kama kweli umekwenda.